Leseni ya kununua: Je, pato lake ni halali?

Baada ya swala ya Magharibi katika msikiti mmoja hapa Kipawa, kijana mmoja alinisubiri mlangoni, viatu vyake akiwa amevishika mkononi. Alinisalimia kwa adabu, kisha akasema: "Ustadhi, nina swali, lakini sitaki kuliuliza mbele ya watu." Tukasogea pembeni, upande wa mabomba ya kutawadhia, ndege moja ikapita juu yetu kwenda kutua, tukangoja sauti yake iishe.

Kijana huyu namfahamu. Ni dereva wa bodaboda, anapaki katika kijiwe kimoja karibu na Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee wa huku bado wanaiita Pugu Road. Ana mama mgonjwa na wadogo zake wawili wanaosoma. Si mlevi, si mhuni, na swala ya Alfajiri haimpiti. Aliniambia kuwa leseni yake hakuifanyia mtihani. Alimpa fedha mtu mmoja wa kati, hao tunaowaita vishoka, akaambiwa aje siku moja tu kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Darasani hakuingia, alama za barabarani hakuulizwa, na hakuna askari aliyemwona akipanda pikipiki. Leseni ikatoka, nayo ni leseni kweli, si ya kughushi. Ameitumia miaka miwili.

Sasa mwenzake wa kijiweni, aliyepitia kwa kishoka yule yule, amemgonga mtoto wa shule aliyekuwa akivuka. Mtoto yu hai, alhamdulillah, lakini mguu umevunjika mahali pawili. "Ustadhi," akasema, "leseni yake na yangu zimetoka mkono mmoja. Tangu siku ile kila nikipokea nauli najiuliza, je, hela hii ni halali?"

Ndugu msomaji, nimeona swali hili nisimjibu yeye peke yake, kwa sababu si la kwake peke yake. Ni la maelfu ya vijana wetu, tena wengi wao ni watoto wa Kiislamu, ambao ajira hii ndiyo iliyowapokea pale milango mingine ilipofungwa. Na ni swali letu sisi tunaopanda nyuma yao.

Leseni ni nini hasa?

Wengi wetu tunaiona leseni kama risiti. Umelipa serikalini, umepewa kadi, trafiki akikusimamisha unaionesha, basi. Mtazamo huu una sababu zake. Mtu akikumbana na serikali kila mara katika sura ya kulipa, mwisho ataamini kuwa kila karatasi ya serikali ni kodi tu. Mwaka 2019 ada ya leseni ilipopandishwa kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000, na muda wake kuongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano, mazungumzo vijiweni yalikuwa juu ya fedha. Mwaka 2021 faini ya makosa ya barabarani kwa bodaboda na bajaji iliposhushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, furaha pia ilikuwa juu ya fedha. Ni haki ya mnyonge kufurahia nafuu. Lakini katika yote hayo sikusikia mtu akiuliza: je, anayelipa faini hiyo alifundishwa?

Tuangalie utaratibu wenyewe. Mwombaji huanza na leseni ya kujifunzia. Anasoma katika chuo cha udereva kinachotambuliwa, anapewa cheti. Kisha anapimwa na Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, ambalo likiridhika linamthibitisha kuwa ana uwezo. Hapo ndipo anakwenda Mamlaka ya Mapato akiwa na namba yake ya mlipa kodi, analipa ada na kupewa leseni ya daraja linalohusika. Pikipiki zina daraja lake, A, na matawi yake. Kwa hiyo malipo ni hatua ya mwisho. Kinachotangulia ni ushahidi: kwamba mtu mwenye ujuzi amemwona mtu huyu kwa macho yake, akamjaribu, na anashuhudia kuwa anaweza kukabidhiwa chombo hiki katikati ya watu.

Hiyo ndiyo maana ya leseni. Ni shahada. Na sisi Waislamu tunajua uzito wa neno hilo. Mtume wetu (SAW) aliihesabu shahada ya uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa, sambamba na shirki na kuwaasi wazazi. Anayetia saini kwamba fulani amefuzu ilhali hajamwona ameshuhudia uongo. Na anayenunua saini hiyo amenunua shahada ya uongo, kisha anaitembeza mfukoni kila siku.

Kisa cha Baghdad

Wapo wanaodhani kuwa mambo ya mitihani na leseni ni ya Wazungu, na Uislamu hauna habari nayo. Hawa wasome historia yao. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, Khalifa al-Muqtadir alipata habari kuwa mtu mmoja mjini Baghdad amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru kwamba asitibu mtu yeyote ila aliyepimwa na tabibu mkuu, Sinan bin Thabit, na kuandikiwa idhini ya kile anachokiweza. Wakapimwa matabibu zaidi ya 860.

Katika kazi hiyo, wanasimulia wanahistoria, alikuja mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan akamheshimu, akamngojea aseme kitu cha elimu. Mzee akatoa dinari, akaziweka mbele yake, akakiri kuwa hajui kusoma wala kuandika, ila ana familia na riziki yake ni hii, akaomba asikatiwe. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti: asimwendee mgonjwa kwa jambo asilolijua, na asiamuru kuumika wala dawa kali ila kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kuwa hiyo ndiyo njia yake siku zote, hajawahi kuvuka sharubati za siki na asali. Kesho yake akaja kijana, akaulizwa nani mwalimu wake. Akasema ni baba yake. Na baba yake ni nani? Ni yule mzee wa jana.

Najua mtu atakishika kisa hiki na kuniambia: umeona? Hata Sinan alimhurumia mwenye familia! Kweli alimhurumia. Lakini tutazame alimhurumia vipi. Mzee alisema kweli mbele ya mpimaji, hakujificha nyuma ya mtu wa kati. Na ruhusa aliyopewa iliishia pale ambapo hawezi kumdhuru mtu. Sharubati ya siki na asali haiui. Sasa niambie, pikipiki ina sharubati yake? Katika Barabara ya Nyerere, malori yakishuka kutoka Pugu na daladala zikigombea abiria kituoni, ni safari ipi iliyo nyepesi, ambayo asiyejua anaweza kuachiwa kwa huruma tu? Huruma kwa dereva haiwezi kulipwa kwa mguu wa mtoto wa mtu mwingine.

"Lakini mimi najua kuendesha"

Huu ndio utetezi wa kwanza, na kijana wangu aliutoa. Miaka miwili hajaanguka, mtihani ungemwongezea nini?

Jibu la kwanza ni kwamba mtu si shahidi wa nafsi yake. Imepokewa kutoka kwa Mtume (SAW) kuwa mwenye kutibu watu na hali hajulikani kuwa na ujuzi wa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayosababisha. Zingatia hapo: jambo lililotazamwa ni kujulikana, yaani ujuzi uthibitike kwa wengine. Kila anayeingia barabarani bila kujua anaamini kuwa anajua. Angeamini vinginevyo asingepanda.

Jibu la pili ni kwamba kijiweni mtu hujifunza kukipeleka chombo, hajifunzi barabara. Atajua gia, klachi na namna ya kupenya kati ya magari mawili. Nani amemfundisha nani mwenye haki ya kupita kwanza kwenye mzunguko? Nani amemfundisha kugawa breki ya mbele na ya nyuma kwenye lami yenye maji, au urefu wa mwendo unaohitajika ili pikipiki yenye abiria isimame? Aliyemfundisha naye alifundishwa na nani? Na baba yake, kama yule kijana wa Baghdad.

Mtume (SAW) aliamrisha kuwa anayepita msikitini au sokoni kwetu akiwa na mishale, aishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mtu yule hakuwa na nia mbaya, wala hakuambiwa kuwa hajui kutumia mshale. Aliambiwa ashike ncha kwa sababu anapita penye watu. Pikipiki ni mshale wenye injini. Kuishika ncha yake ni mafunzo, mwendo wa kiasi, breki nzima, na kofia ngumu kwa dereva na abiria. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali umeonesha kuwa kofia hiyo inapunguza hatari ya kifo kwa anayepata ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Na sisi? Dereva anaining'iniza kwenye kiwiko, abiria anaikataa kwa sababu ya nywele, na wakati mwingine nyuma wamekaa watatu, mshikaki, na mtoto katikati.

"Rushwa nimelazimishwa"

Utetezi wa pili una nguvu zaidi, na haifai kuupuuza. Kijana anasema: ukienda kwa njia ya haki unazungushwa. Njoo kesho, mkubwa hayupo, faili halionekani. Mwisho utalipa tu. Kwa hiyo bora kulipa mwanzo.

Wanachuoni wengi wamelizungumza jambo hili. Laana ya Mtume (SAW) imewafika mtoa rushwa na mpokeaji wote wawili, na Qur'an katika Suratul Baqara, aya ya 188, imekataza kula mali kwa batili na kuipeleka kwa wenye mamlaka. Hata sheria ya nchi, ile ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, inawatia hatiani wote wawili. Lakini wanachuoni hao wakatofautisha: mtu ambaye haki yake imezuiwa, na hana njia nyingine yoyote ya kuipata, akatoa kitu kuiokoa, dhambi iko kwa aliyemzuilia.

Tuipime leseni kwa kipimo hicho. Kama umesoma, umefanya mtihani ukafaulu, na mtu amekalia karatasi yako mpaka umpe kitu, hapo kuna haki yako iliyozuiwa. Mweleze sheikh wako hali yako, na usiache kushitaki. Lakini aliyelipa ili asipimwe kabisa, ni haki gani aliyoiokoa? Leseni inakuwa haki yako baada ya ujuzi wako kuthibitika, si kabla. Huyu hakununua haki yake. Amenunua haki ya watembea kwa miguu ya kulindwa dhidi ya asiyejua, nao hawakuwepo katika biashara hiyo wala hawakuulizwa.

Kosa halifutwi kwa kutokusudia

Utetezi wa tatu ni wa baada ya ajali: "Sikukusudia, ni mapenzi ya Mungu." Ni kweli kuwa hakuna linalotokea nje ya qadari. Lakini soma Suratun Nisaa, aya ya 92. Aliyeua muumini kwa kukosea, yaani bila kukusudia, ameandikiwa diya kwa watu wa marehemu ila wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Qadari haikuondoa wajibu. Muumba wetu ametufundisha kuwa roho ikitoka kwa mkono wako, hata kwa bahati mbaya, una deni kwa watu na una deni Kwake. Tumewazika wangapi kwa ajali za barabarani, na ni wangapi tumesikia wamefunga miezi miwili?

Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililokutana Bandar Seri Begawan nchini Brunei, lililitazama suala la ajali za barabarani na kuamua kuwa kufuata kanuni za usalama barabarani zisizopingana na sheria ya Kiislamu ni wajibu wa kisheria, kwa kuwa ni kumtii mwenye mamlaka katika maslahi ya watu. Na kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowafanyia wengine, isipokuwa pale ajali ilipotokana na nguvu asiyoweza kuizuia, au kosa la mwathirika mwenyewe, au kosa la mtu mwingine. Kwa hiyo kuvuka taa nyekundu si ujanja wa mjini tu. Ni maasi.

Si dereva peke yake

Ingekuwa dhulma kumbebesha kijana mzigo wote kisha tukaenda kulala. Kuna mwenye pikipiki, mara nyingi mtu mzima, mara nyingine mswalihina, anayemkabidhi chombo kijana asiyejua, na kila jioni anataka hesabu yake kamili bila kuuliza imepatikanaje. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimgusi dereva tu. Anayemruhusu asiye na leseni kuendesha chombo chake naye ana kosa. Na mbele ya Mwenyezi Mungu, hesabu ya jioni inayomlazimisha kijana kukimbia ni sehemu ya mwendo ule uliovunja mguu wa mtoto.

Kuna serikali, ambayo ni mchunga na itaulizwa juu ya ilichokichunga. Kanuni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki na bajaji zilitungwa mwaka 2010, wakati biashara hii ilikuwa imekwishaenea. Leseni za kielektroniki nazo zilianza mwaka huo huo, ili kuziba mianya ya zamani. Lakini mashine haiwezi kuziba mwanya ulio ndani ya moyo wa anayeiendesha. Mafunzo yakiwa mbali na ghali, na kishoka akiwa karibu na rahisi, mnyonge atakwenda kwa kishoka.

Na kuna sisi, jamii ya msikiti. Kijana wa bodaboda akifa, tunachanga sanda, tunachanga gari la kwenda kuzika, tunapika chakula cha khitma. Akilazwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, tunapitisha kapu baada ya Ijumaa. Ni mambo mema. Lakini alipokuwa mzima, akihitaji ada ya mafunzo, kapu hilo lilikuwa wapi? Kumchangia kijana ada ya chuo cha udereva ni sadaka ile ile, ila inatangulia jeneza badala ya kulifuata.

Nilimjibu nini

Nilimwambia kijana kuwa kazi yake ni halali, kwa sababu kumbeba mtu kwa nauli mliyokubaliana ni ijara. Kilichoharibika ni mlango alioingilia. Nauli za nyuma, ambazo abiria alifikishwa salama, sioni kuwa ni haramu mkononi mwake, na wapo wanachuoni wanaosema hivyo juu ya aliyepata kazi kwa cheti kisicho sahihi kisha akaifanya kazi ipasavyo. Lakini toba ni wajibu juu yake, na toba ina masharti: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurekebisha kinachorekebika. Kinachorekebika hapa ni ujuzi. Aende akasome, akapimwe kweli, na mpaka hapo asimame.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Na siku hizo mama atakula nini?"

Nakiri, ndugu msomaji, kuwa swali hilo lilinishinda mahali pale. Fatwa ni rahisi kwa anayerudi nyumbani akakuta chakula. Nikaomba siku mbili. Nikawafuata wazee wawili wa msikiti, tukachanga kiasi cha ada na posho ya nyumbani. Mwenye pikipiki hakukubali kusamehe hesabu, alikubali kuipunguza tu, na chombo akampa kijana mwingine kwa muda. Huyo naye sikuulizwa kama ana leseni, na mimi, Mungu anisamehe, sikuuliza.

Kijana alisoma. Mtihani wa kwanza alianguka, upande wa alama za barabarani. Alikuja kunieleza akiwa na aibu. Zilikuwepo alama ambazo amezipita kila siku kwa miaka miwili akiwa na abiria nyuma, na hakujua zinamwambia nini. Nilimwambia asione haya, maana hiyo ndiyo mara ya kwanza mtihani ule umefanya kazi yake juu yake. Ameomba kurudia, na anasoma.

Nawaomba maimamu wetu wa Kipawa, Vingunguti, Yombo na kwingineko, khutba moja tu ya Ijumaa izungumzie jambo hili. Na wewe unayesoma ukiwa kituoni, kabla ya kupanda nyuma ya kijana, muulize kama alifundishwa, na uombe kofia. Akikuona msumbufu, mvumilie. Yupo mtoto mbele yenu anataka kuvuka.

Mwenyezi Mungu atulindie vijana wetu, awape riziki ya halali yenye baraka, amponye mtoto yule, na atuamshe sisi tuliolala. Amin.